Vidonge vya Akili: Je, Kimoja Kimshike Mwenzake Mkono?

Huenda nyumbani kwako, au kwa jirani yako hapo mtaani, yupo mgonjwa wa akili ambaye kila jioni humeza vidonge vya rangi tatu. Nawe umejiuliza kimoyomoyo: hivi vyote vya nini? Swali lako ni la haki, na wala si utovu wa adabu kwa mganga.

Mjini Sumbawanga swali hilo lina uzito wa pekee. Ufipa ni nchi iliyosifika tangu kale kwa waganga wake wa mitishamba, na jina lenyewe la mji hufasiriwa na wengi kuwa ni "tupa uchawi". Kwa hiyo si ajabu mgonjwa kuwa na pakiti za hospitali mezani na chupa ya mizizi chini ya kitanda. Mganga wa hospitali asipoambiwa habari za ile chupa, hesabu yake yote huenda kombo.

Dawa ya kwanza iliyotuliza wazimu bila kumlaza mgonjwa kama gogo ni klopromazini, iliyoanza kutumiwa Ufaransa mwaka 1952. Mwaka 1958 haloperidoli ikagunduliwa Ubelgiji. Kabla ya hapo hospitali za akili duniani, na Mirembe ya Dodoma iliyoanza mwaka 1927 ikiwamo, zilikuwa zaidi mahali pa kumweka mgonjwa kuliko pa kumtibu. Faida ya dawa hizi, basi, haina ubishi.

Lakini haloperidoli hukakamaza viungo. Mikono hutetemeka, shingo hupinda, mate humtoka mtu asiweze kuyazuia. Hapo benzekisoli huingia, na mgonjwa hulegea akaweza tena kushika jembe. Huo ni mchanganyiko wenye maana. Hata hivyo benzekisoli nayo ina gharama: kinywa hukauka, choo huwa kigumu, macho huona ukungu, na mzee huweza kusahau hata alipoweka fimbo yake. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri isitolewe kwa mazoea tu, bali kwa yule aliyekwisha kukakamaa. Ikiongezwa juu yake amitriptilini, dawa ya sonona, madhara hayo hayo huzidishana, na mkojo unaweza kuziba.

Je, dawa mbili za kutuliza wazimu zitumiwe pamoja? Shirika hilo linashauri moja kwa wakati mmoja, ipewe kipimo cha kutosha na muda wa kutosha. Mara nyingi ya pili huongezwa kwa sababu ya kwanza haikupewa nafasi, au kwa sababu mgonjwa hakuimeza. Kwa maoni yangu, kabla ya kuongeza kidonge yafaa kwanza kuhesabu vilivyobaki katika pakiti. Zipo hali nyingine ambazo dawa mbili za aina tofauti hufaa kweli: mtu wa vipindi vya furaha iliyopita kiasi, au mwenye sonona nzito inayomsikizisha sauti za watu wasiokuwapo.

Sasa tuteremke bondeni. Mji wa Sumbawanga uko kwenye baridi, kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Muze na vijiji vingine vya Bonde la Rukwa viko chini yake kwa karibu mita 1,000, na joto lake walioshuka huko wanalijua. Klopromazini na benzekisoli zikikutana huzuia jasho, na mwili usiotoa jasho hauna njia ya kujipoza. Mgonjwa aliyekuwa salama mjini, akishuka kuvua au kulima mpunga, aweza kuzidiwa na joto hadi kuanguka. Klopromazini pia huifanya ngozi iungue upesi juani. Kivuli, maji, kofia, na kazi ya alfajiri ni sehemu ya tiba yake.

Tena bondeni kuna malaria. Kabamazepini, itumikayo kwa kifafa na kwa maradhi ya hisia, huliamsha ini livunje dawa nyingine upesi. Hupunguza nguvu ya haloperidoli, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na hupunguza nguvu ya dawa mseto ya malaria kiasi kwamba watengenezaji wake wamekataza zitumiwe pamoja. Mama anayemeza kabamazepini akiugua homa, na amweleze tabibu kabla ya kupokea dozi.

Juu ya pombe ya ulezi nitasema kwa ufupi. Ikichanganywa na diazepamu au fenobabitoni, zote hulaza ubongo, na pumzi huweza kukoma usingizini. Lakini pia usiogope ukazitupa ghafla: aliyezizoea akiziacha kwa siku moja huweza kupatwa na degedege. Hupunguzwa polepole, chini ya macho ya mganga.

Siku ya kliniki, tia katika mfuko mmoja kila kitu anachomeza mgonjwa wako, pamoja na ile chupa ya chini ya kitanda, ukaviweke vyote mezani pa tabibu. Muulize kila kimoja ni cha nini, na ni lini kitaondolewa.