Neil Young na Chrome Hearts: juu ya nini watu walingojea albamu ya mzee wa miaka 79

Tarehe 13 Juni 2025 njo ilikuwa siku ambayo wapenzi wengi wa muziki wa roki katika Kanada, Marekani na Ulaya walizungushia alama kwenye kalenda. Siku hiyo Neil Young, mwanamuziki mzaliwa wa Toronto aliyekuwa na miaka 79, alitoa albamu yenye jina Talkin to the Trees. Siku tano nyuma yake alianza mzunguko wa konseri mu Ulaya, kuanzia Rättvik, mji mdogo wa Uswidi. Mwisho wa mwezi alingojewa kwenye jukwaa kubwa la Glastonbury, Uingereza.

Kijana wa Goma, Bunia, Uvira ao Kalemie anaweza kuuliza: huyu mzee ni nani, na hii inatuhusu nini? Jina lake halipigwi sana mu radio za huku, ni kweli. Lakini swali lenye kuwasumbua mashabiki wake, mtu yeyote aliyekomaa na muziki wa Kongo atalielewa bila kufasiriwa: mzee anakuja na orkestra gani?

Wakati Wenge Musica ilipasuka mu 1997, JB Mpiana akabaki na BCBG, Werrason akaenda na Maison Mère, watu hawakuuliza tu nani anaimba vizuri. Waliuliza nani amebaki na wapiga gitaa, nani amechukua atalaku, nani anapiga ngoma. Walijua kama sauti ya orkestra haiko kwenye koo la mtu mumoja. Mu roki hali ni tofauti kidogo. Mara nyingi mwimbaji mkubwa anawalipa wapigaji wazuri, wanasoma karatasi, wanapiga kama vile albamu ilivyo, wanarudi nyumbani. Neil Young hafanyi hivyo. Kwake, kubadilisha kundi ni kubadilisha muziki wenyewe, na ndiyo maana jina la kundi likitajwa mashabiki wanaanza kubishana hata kabla ya kusikia wimbo.

Kundi lenye kupendwa kuliko yote linaitwa Crazy Horse. Hilo ni jina la shujaa mumoja wa Walakota, wenyeji wa kwanza wa Marekani. Mu 1969 Neil Young, akiwa na miaka 23, alikuta mu Los Angeles vijana wenye kupiga chini ya jina la Rockets. Alichukua watatu: Danny Whitten kwenye gitaa, Billy Talbot kwenye gitaa la besi, Ralph Molina kwenye ngoma. Mwezi wa tano mwaka huo walitoa Everybody Knows This Is Nowhere. Ndani yake kulikuwa nyimbo mbili ndefu, moja ya dakika tisa, nyingine ya dakika kumi, maneno kidogo, gitaa mingi.

Mukongomani anaweza kufikiria sebene: sauti ya mwimbaji inanyamaza, gitaa inachukua njia, na watu wanajua sasa njo muziki umeanza. Lakini sebene inakimbia, inaita miguu. Crazy Horse inatembea polepole kama mtu mwenye kupanda mlima na gunia la makala mgongoni. Ngoma ya Molina haina mapambo. Besi ya Talbot inarudilia noti zilezile. Juu yao Neil Young anapiga gitaa lake jeusi, Gibson ya 1953 analoliita Old Black, kwa sauti yenye kupasuka kama spika imezidiwa. Wapo wanamuziki walioliona kundi hili kuwa halijui kupiga. Yeye aliendelea kurudi kwao kwa zaidi ya miaka 50, mpaka nyimbo zikarefuka zaidi: mu albamu ya Psychedelic Pill ya 2012, wimbo wa kwanza una dakika 27.

Uzuri huo ulilipiwa. Danny Whitten, mwenye sauti na gitaa vilivyokuwa nusu ya kundi, aliingia mu madawa ya kulevya. Mwezi wa kumi na moja 1972 Neil Young alimwita aje kufanya mazoezi ya mzunguko mukubwa wa konseri. Whitten alifika lakini hakuweza kushika nyimbo. Neil Young akamwachisha, akamupa dola 50 na tiketi ya ndege ya kurudi Los Angeles. Usiku uleule habari ikafika: Whitten amekufa. Alikuwa na miaka 29. Mwaka uliofuata Bruce Berry, kijana mwenye kuwabebea vyombo, naye akafa kwa madawa. Nyimbo zilizorekodiwa nyuma ya misiba hiyo miwili mu 1973 zilikuwa za kulegea, za sauti yenye kukatika, na zilikaa miaka miwili bila kutoka. Zilikuja kutoka mu 1975 kwa jina la Tonight's the Night, na leo ni moja ya albamu zake zenye kuheshimiwa sana. Mwaka uleule Frank Sampedro aliingia mahali pa Whitten, Crazy Horse ikasimama tena.

Kwa hiyo mtu akisema anangojea kundi la Neil Young, hangojei tu wapigaji. Anangojea pia kuona nani angali hai.

Mwenyewe alianza mapema kupambana na mwili wake. Mu 1951, akiwa bado mtoto mu kijiji cha Omemee, mu jimbo la Ontario, alipata polio. Chanjo haikuwepo, ilikuja mu 1955. Wazazi wa Kivu na Tanganyika wanaofungulia mlango wachanjaji wenye kupita na matone wanajua ugonjwa huo unaweza kuacha nini kwa mtoto. Yeye alipona, ijapokuwa ulimwachia alama mwilini. Mu 2005 madaktari walimutibu mshipa uliovimba mu ubongo, wakati alikuwa katikati ya kurekodi albamu Prairie Wind mu Nashville. Alimaliza albamu.

Makundi mengine yalipita hapo kati. Stray Gators, wapigaji wa Nashville, walimusaidia kufanya Harvest, albamu iliyouzwa kuliko zote mu Marekani mwaka wa 1972. Angeweza kukaa hapo maisha yote, akitoa Harvest mupya kila miaka miwili. Hakutaka. Mu 1982 alitoa Trans, yenye sauti iliyopitishwa mu mashine mpaka maneno hayasikiki vizuri, na mwaka uliofuata akatoa roki ya miaka ya 50 na kundi aliloliita Shocking Pinks. Kampuni yake ya wakati ule, Geffen, ilimushitaki ikidai zaidi ya dola milioni tatu, kwa hoja kwamba albamu hizo hazifanani na muziki wa Neil Young. Nyuma ya wakati alieleza kama sauti ile ya mashine ilihusu mtoto wake wa kiume, aliyezaliwa na ulemavu na asiyeweza kusema. Baba alikuwa anatafuta njia ya kuzungumuza naye. Mashabiki waliokuwa wamecheka albamu ile walianza kuisikiliza upya, ingawa si wote. Iko ngumu kusikia hata leo.

Sasa tufike kwenye kundi la leo. Mu 2014 Billy Talbot alipigwa na kiharusi kidogo, na Rick Rosas akachukua besi yake kwa konseri za Ulaya. Talbot alipona. Rosas njo alikufa, mwezi wa kumi na moja wa mwaka uleule. Mu 2018 Sampedro alikuwa amepumzika, Nils Lofgren akarudi mahali pake. Lakini Lofgren ni mpiga gitaa wa Bruce Springsteen tangu 1984, na mtu hawezi kuwa mu mabasi mawili. Mu 2024, wakati Crazy Horse ilipoanza mzunguko wa Marekani, gitaa la pili lilipigwa na Micah Nelson, kijana aliyezaliwa mu 1990. Talbot na Molina walikuwa na miaka 80. Mwezi wa tano, nyuma ya konseri ya Detroit, wanakundi walishikwa na ugonjwa. Mzunguko ukasimama, tarehe zilizobaki zikafutwa. Watu walikuwa na tiketi mkononi. Wengi walifikiri njo mwisho, si wa Crazy Horse tu bali wa kumuona mzee jukwaani.

Mwezi wa tisa alitokea tena. Ilikuwa kwenye Farm Aid, konseri ambayo yeye, Willie Nelson na John Mellencamp wanaifanya tangu 1985 kusaidia wakulima wadogo wa Marekani wasinyang'anywe mashamba kwa sababu ya madeni. Nyuma yake walikuwa watu wanne na jina mupya: Chrome Hearts. Micah Nelson, ambaye ni mtoto wa Willie mwenyewe, kwenye gitaa. Corey McCormick kwenye besi. Anthony LoGerfo kwenye ngoma. Na mzee mumoja kwenye kinanda, Spooner Oldham.

Wale vijana watatu si wageni. Waliwahi kupiga naye kwa miaka mu kundi Promise of the Real, lenye kuongozwa na Lukas Nelson, kaka wa Micah, kuanzia albamu The Monsanto Years ya 2015. Hata jina la kundi lile lilitokana na maneno ya wimbo wa Neil Young, na Lukas na LoGerfo walikutana kwa mara ya kwanza mu 2008 kwenye konseri ya Neil Young. Yaani ni watoto waliokuwa upande wa watazamaji, wakapanda jukwaani. Wanajua nyimbo za zamani kuliko hata wale waliozirekodi, na hilo liliwapa mashabiki tumaini la kusikia nyimbo zisizopigwa kwa miaka mingi.

Oldham ni habari nyingine kabisa. Alizaliwa mu Alabama mu 1943. Kinanda chake kinasikika mu wimbo wa Percy Sledge When a Man Loves a Woman, wa 1966, ambao hata mu harusi za Bukavu hauwezi kukosa mtu wa kuujua. Alipiga pia kwenye rekodi ya Aretha Franklin iliyomufungulia njia mu 1967. Kwa Neil Young yuko tangu Comes a Time ya 1978, na alikuwepo mu Harvest Moon ya 1992. Hapigi noti nyingi, anaacha nafasi.

Hapo njo mabishano yalianzia. Upande mumoja ulisema kundi lenye vijana wa kutosha litamupa mzee nguvu ya gitaa kubwa tena. Wengine walisema ukimuweka Oldham mu chumba unatafuta muziki wa kukaa chini, wa gitaa la mbao na harmonika. Wimbo wa kwanza uliotoka, Big Change, mwezi wa kwanza 2025, uliwapa haki wa upande wa kwanza: ni wa makelele, ngoma nzito. Mwingine, Let's Roll Again, unawaambia watengenezaji wa magari wa Marekani wajenge magari safi, na unamurushia mawe Tesla. Wapo mashabiki wenye kuchoka na nyimbo zake za namna hiyo, wenye kusema ameanza kuimba kama mtu mwenye kusoma gazeti. Hawakosei sana. Lakini ndio haohao wa kwanza kununua.

Wasiwasi mwingine ulikuwa yeye mwenyewe, maana hatabiriki. Mwanzoni mwa 2025 alitangaza kama haendi Glastonbury, akilalamika kuwa BBC inataka kuamua mambo ya jukwaa. Siku chache tu zikapita, akasema alikuwa amepewa habari za makosa, anakwenda. Mu 2022 aliondoa nyimbo zake zote Spotify kwa ugomvi juu ya habari za uongo kuhusu chanjo ya Covid, akarudi mu 2024. Albamu yake Homegrown ilirekodiwa mu 1974 na 1975, akaiweka kando dakika ya mwisho, ikatoka 2020. Mashabiki waliokuwa vijana waliipata wakiwa na wajukuu. Kwa mtu wa namna hiyo, tarehe iliyotangazwa haiaminiwi mpaka diski iko mkononi.

Albamu ina nyimbo kumi. Atakayetaka kuonja kwanza, Big Change iko kwenye intaneti na haichukui megabaiti mingi. Kwa atakayetaka kuelewa mabishano yote haya, njia fupi ni kuweka nyimbo mbili pamoja mu simu: Down by the River ya 1969, na Harvest Moon ya 1992. Mtu ni mumoja. Makundi ni mawili.