Nyumba Iliyopangwa na Moshi

Ukiingia katika nyumba kongwe ya mkulima kusini mwa Uingereza, tazama kwanza makombamoyo ya paa. Yakiwa yamegandamana masizi, nyumba hiyo ilijengwa bila dohani. Moto ulikokwa sakafuni, katikati ya ukumbi, na moshi ukapanda hadi paani kujitafutia upenyo.

Nyumba moja ya mkulima, iitwayo Bayleaf, ilijengwa hivyo mwanzoni mwa karne ya 15 huko Chiddingstone, Kent. Mifupa yake ni mwaloni, mti uliochongwa ukiwa mbichi kwa kuwa ukikauka huishinda patasi. Ulimi wa boriti huingia katika tundu la nguzo, kisha kigingi cha mti kikapigiliwa. Mifupa hiyo ndiyo inayobeba paa. Ukuta haubebi kitu, ndiyo maana zilitosha fito zilizosukwa na kukandikwa udongo.

Mpangilio wa ndani, hata hivyo, uliamuliwa na moshi. Juu ya meko hapalaliki, kwa hiyo ukumbi uliachwa wazi mpaka paani, na vyumba vya juu vikawekwa kwenye ncha mbili tu za nyumba. Chini ya kimoja palikuwa na stoo za chakula na vinywaji. Ncha ya pili ilikuwa ya wenye nyumba, na meza ya bwana ilikaa upande huo, mbali na mlango. Aliyetaka kutoka chumba kimoja cha juu kwenda kingine alishuka, akavuka ukumbi wenye moshi, akapanda tena.

Karne ya 16 ikaja na dohani za matofali. Katika miaka ya 1570 William Harrison, padri wa Radwinter, Essex, aliandika kwamba wazee wa kijijini kwake walistaajabia wingi wake. Moshi ulipopata njia yake, ukumbi uliweza kuwekewa dari, na juu yake kikapatikana chumba kingine. Nyumba nyingi za zamani zilibadilishwa hivyo, Bayleaf ikiwemo.

Ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1960 kupisha bwawa la Bough Beech, mafundi waliihamishia kwenye jumba la makumbusho la Singleton, Sussex. Huko waliondoa nyongeza za baadaye, wakaurudisha ukumbi wazi na moto wake. Karne kadhaa za maisha ya nyumba ile zilifutwa, na hiyo ni hasara ya kweli. Hata hivyo naona walichagua vyema: nyumba zenye dohani zimejaa vijijini Uingereza, ilhali ukumbi ambao bado unafuka moshi ni nadra kuuona.