Bata Wako Wafike Salama



Mwezi huu tuongee juu ya bata. Mtu anaweza kucheka, lakini kwa familia nyingi kambini bata ndio benki. Daftari za watoto, sabuni, nauli ya kwenda kumwona mgonjwa, vyote vinatoka kwa bata. Na sisi wakimbizi kuhama tunakujua. Tangu Septemba 2017 Warundi wengi wamerudi kwao kwa barabara kutoka kambi za mkoa wa Kigoma. Mwaka 2021 kambi ya Mtendeli ilipofungwa, familia zilihamishiwa Nduta. Kila safari haikosi mtu wa kuuliza: na bata wangu je?

Mama mmoja jirani yangu aliwatia bata wake saba ndani ya gunia, akafunga kwa kamba. Alipofungua saa nane mchana, watano walikuwa wamekufa. Njia yenyewe ilikuwa ya saa sita tu. Kilichowaua ni joto. Bata hatoki jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema mdomo wazi. Ndani ya gunia anahema hewa ile ile ya moto mpaka basi.

Kwa hiyo, tufanye hivi:

1. Uliza mapema. Wiki mbili kabla, uliza ofisi inayopanga msafara kama mifugo inaruhusiwa. Muone na afisa mifugo, akueleze kibali cha kusafirisha na cheti cha afya cha kuvuka mpaka. Wakikataa, uza mapema. Siku ya mwisho wanunuzi wanajua huna pa kuwapeleka, watakupa bei ya bure.

2. Hesabu siku za mayai. Bata wetu wenye uso mwekundu wanalalia siku 35, wale wengine siku 28. Kama safari inaangukia humo, usimwache jike alalie. Kula mayai au uza.

3. Tumia tenga, gunia hapana. Tenga la fito au mianzi linapitisha hewa pande zote. Kila bata aweze kusimama, kugeuka na kulala. Tandika majani makavu, maana sakafu ya kuteleza inawaumiza miguu. Madume wanaopigana watenganishe. Usimfunge bata miguu wala usimnyanyue kwa miguu, ni dhaifu. Mkumbatie, mabawa umeyabana.

4. Maji kwanza. Usiku wa kuamkia safari wape chakula kidogo, ila maji wanywe mpaka wakati wa kuondoka. Gari likisimama, wape maji ya kina cha kuzamisha mdomo na pua. Likianza kutembea, ondoa chombo, kwani yakimwagika tenga lote linalowa. Vipande vya papai au tango vinasaidia njiani.

5. Tenga likae kivulini penye upepo, na mizigo isiwekwe juu yake. Vifaranga wawe na boksi lao lenye matundu, wakae wakavu na wenye joto.

Sasa jambo kubwa: mafua ya ndege. Mwaka 2017 yaliingia Uganda, na Ituri huko Kongo. Bata anaweza kuubeba ugonjwa huu na bado ukamwona mzima kabisa. Basi ukifika, usiwachanganye na kuku wala bata wa wenyeji kwa angalau wiki mbili. Usilale nao chumba kimoja. Nawa mikono kwa sabuni kila ukiwashika, na watoto wasiwachezee. Akifa bata, msimle wala msimtupe mtoni. Msimshike kwa mikono mitupu, mwambieni afisa mifugo. Hakuna mwenyeji atakayefurahi kumpokea mgeni aliyemletea ugonjwa bandani.

Yule mama alibaki na jike mmoja na dume mmoja. Alianza upya na hao wawili, na leo ana kundi tena. Gunia halitaki hata kuliona. Tenga lake limetundikwa ukutani, linasubiri siku ya safari.

Safari njema kwenu, na kwa bata wenu pia.