Padri Sonko wa Rennes-le-Château: Hivi Ndivyo Kijiji Kidogo cha Ufaransa Kilivamiwa na Wasaka Hazina

Kama uliona The Da Vinci Code, ile filamu ya Tom Hanks ya 2006, unakumbuka kuna mzee anauawa mwanzoni kabisa ndani ya jumba la makumbusho la Louvre. Anaitwa Saunière. Hilo jina halikutolewa hewani, bana. Padri mwenye jina hilo aliishi kweli, na kijiji chake bado kiko.

Kinaitwa Rennes-le-Château. Kiko kusini mwa Ufaransa, juu ya kilima kwenye mkoa wa Aude, ukitoka mji wa Carcassonne ukielekea milima ya Pyrenees. Ni ushago kabisa. Wakaaji hawafiki hata 100. Ukisimama pale juu unaona bonde la mto Aude upande mmoja, na upande mwingine mlima Bugarach, ule ambao Desemba 2012 wasee walidai ndio pekee utabaki dunia ikiisha, hadi polisi wakafunga njia za kuupanda. Yaani pande hizo story za ajabu hazijawahi kukosa wateja.

Na historia inazisaidia. Wavisigothi, walioiba mali ya Roma mwaka 410, walikuja kutawala eneo hilo. Karne nane baadaye, kuanzia 1209, Kanisa lilituma majeshi kuwaangamiza Wakathari, Wakristo liliowaita wazushi. Watu wakitoroka vita huficha mali, sindio? Hapo ndipo uvumi wa dhahabu huota mizizi.

Sasa ingia Bérenger Saunière. Alifika 1885 akiwa na miaka 33, akapata kanisa linalovuja na mshahara wa kubahatisha. Lakini miaka ikisonga, huyo padri akaanza kujenga kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Alikarabati kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena lote. Akaweka sanamu ya shetani mlangoni, amekunja uso, amebeba bakuli la maji ya baraka mabegani. Juu ya mlango kuna maandishi ya Kilatini yanayosema mahali hapo panatisha. Wageni husoma hayo wakapiga picha wakitetemeka, kumbe maneno yenyewe yanatoka kwenye ndoto ya Yakobo katika Biblia, na yanamaanisha tu kwamba Mungu yuko hapo.

Halafu akajenga nyumba ya maana, Villa Béthania, pamoja na Tour Magdala, mnara wa mawe pembeni ya kilima aliougeuza maktaba yake. Mashamba aliandikisha kwa jina la mfanyakazi wake wa nyumbani, Marie Dénarnaud. Mjanja.

Swali ambalo kila mtu huuliza: doh ilitoka wapi?

Jibu si tamu kama dhahabu. Alikuwa anauza misa. Katika Kanisa Katoliki, muumini anaweza kutoa sadaka kidogo ili padri amwombee marehemu wake kwenye misa, na padri haruhusiwi kupokea zaidi ya sadaka moja ya hivyo kwa siku. Saunière aliomba kupitia magazeti ya kidini na barua alizotuma kila kona, na sadaka zikamiminika kwa posta, faranga moja hapa, faranga moja na nusu pale. M-Pesa haikuwepo lakini mchezo tunaujua. Alipokea maombi maelfu kwa maelfu, mengi mno kwa padri mmoja kuyamaliza hata angeishi maisha mawili. Fikiria mjane huko mbali ametuma sarafu zake akidhani mzee wake anaombewa, kumbe zimenunua mawe ya mnara.

Askofu wa Carcassonne alimshtaki, na kati ya 1910 na 1911 mahakama ya Kanisa ikamwadhibu kwa kumsimamisha kazi. Alikufa Januari 1917, mfuko mtupu.

Story ingeishia hapo. Lakini Marie alipozeeka alimwachia mali yote mfanyabiashara anayeitwa Noël Corbu, na alipokufa 1953, Corbu akafungua hoteli mle ndani. Hebu niambie, nani atapanda kilima hadi kijiji hakuna anayekijua ili ale chakula cha mchana? Corbu alihitaji kiki. Mwaka 1956 akaliambia gazeti la La Dépêche du Midi kwamba padri alichimbua hazina ya kifalme. Wateja wakaja. Wengine walikuja na majembe.

Baadaye wajanja wakubwa zaidi wakadandia. Pierre Plantard na mbogi yake walitengeneza nyaraka feki za "kale", na kitabu The Holy Blood and the Holy Grail cha 1982 kikazibeba hadi kudai Yesu alioa Maria Magdalena na kuacha kizazi Ufaransa. Dan Brown naye akaivuna 2003. Hazina yenyewe? Hakuna aliyewahi kuionyesha.

Wanaolipia ni wanakijiji. Uchimbaji ulipigwa marufuku rasmi 1965 kwa sababu wasee walikuwa wanatoboa ardhi ovyo, wengine hata kwa baruti. Mwaka 2004 ilibidi mabaki ya padri yahamishwe kutoka makaburini hadi kaburi la zege kwenye bustani yake mwenyewe, ili watu wasimsumbue. Na Aprili 2017, siku ya uchaguzi wa rais, mwanamke aliingia kanisani na shoka akamkata yule shetani wa mlangoni kichwa.

Bado unataka kwenda? Shuka Carcassonne, tafuta usafiri hadi Couiza, kisha panda barabara ya kona kona hadi juu. Nyumba na mnara viko wazi kwa wageni. Jembe liache.