Shona mfarishi wa Krismasi bila kuumiza mgongo wala macho

JE, msomaji, una mabaki ya vitenge, leso au nguo za watoto zisizovalika tena? Usiyatupe. Ukiyakata vipande virefu vyembamba na kuviunga, utapata mfarishi wa kupamba kitanda Krismasi hii, na utakaoifaa jamaa yako ifikapo baridi ya Juni hadi Agosti.

Hata hivyo, kazi hii huweza kukuachia maumivu ya shingo, mgongo na macho. Kinachoumiza si ushonaji wenyewe bali ni kuinama kwa saa nyingi mfululizo ili kuiwahi sikukuu. Dawa yake ni kuanza mapema na kushona kidogo kidogo.

Matayarisho

Chagua vitambaa vya pamba, kwa sababu hunyonya jasho. Vifue vyote kwanza, ili rangi inayochuja ichuje sasa na kitakachonywea kinywee. Vya mitumba vifue kwa sabuni na maji moto, uvianike juani na kuvipiga pasi.

Kata vipande vya upana wa sentimita 6.5. Vigawe mafungu mawili: rangi zinazong'aa, kama nyeupe na manjano, na rangi nzito, kama kijani na buluu. Kitambaa chekundu kikate miraba midogo ya sentimita 6.5 kila upande. Hiyo ndiyo vitovu.

Jinsi ya kushona

Weka kipande kinachong'aa juu ya kitovu, nyuso nzuri zikitazamana. Shona milimita 7 hivi kutoka ukingoni, kata kinachozidi, kisha kifunue na kukipiga pasi. Geuza kazi robo mzunguko, uongeze kipande kingine kinachong'aa, kisha viwili vya rangi nzito. Zungusha hivyo mara ya pili. Utapata mraba wa takriban sentimita 25, upande mmoja ukiwa mweupe na wa pili mweusi, mfano wa jua na kivuli.

Mtindo huu ulipendwa sana Marekani katika karne ya 19, na wengi husema kitovu chekundu ni mfano wa moto wa nyumbani.

Miraba 48, yaani safu 8 za miraba 6, hutosha mfarishi wa upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2. Ukishona miraba miwili kila jioni, utahitaji jioni 24 tu. Anza mapema Novemba.

Ukiisha kuiunga, tandaza shuka kuukuu chini, blanketi lililochakaa katikati, na miraba juu. Funga tabaka hizo tatu kwa uzi mzito katika kila pembe ya mraba, upige fundo maradufu, kisha ushone ukingo.

Linda mwili wako

Kalia kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili zikigusa sakafu. Meza iwe kimo cha viwiko vyako, ili usilazimike kuinua mabega. Kila baada ya nusu saa simama, unyooshe mgongo na kutembea kidogo.

Kila dakika 20, inua macho utazame kitu kilicho mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20. Shona kwenye mwanga wa kutosha. Koroboi huchosha macho na huweza kuchoma vitambaa. Ikiwa umepita miaka 40 na kutunga uzi kumekuwa shida, usilazimishe macho. Nenda ukapimwe, huenda miwani ndiyo unayohitaji.

Vaa subana unaposhona kwa mkono. Hesabu pini kabla na baada ya kazi, maana moja ikipotelea ndani ya mfarishi itamchoma alalaye. Ukidungwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kama kidonda ni kirefu au kichafu, nenda zahanati uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Cherehani cha umeme kizime na kukichomoa kabla ya kubadilisha sindano.

Nani ajifunike?

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilazwe na mfarishi, kwani unaweza kumfunika uso akakosa hewa. Huyo mvishe nguo za joto.

Wengine wote wajifunike, na jiko la makaa libaki nje. Kila msimu wa baridi, hasa sehemu za milimani kama Limuru na Nyandarua, kuna wanaoingiza jiko chumbani na kufunga madirisha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Moto pekee unaofaa chumbani mwa kulala ni ule mwekundu ulioushona katikati ya mraba.