KAMBARE WA SAKAFUNI ANAPOUGUA

Bila shaka nyote mnalikumbuka lile tangi la kioo lililokuwa pembeni mwa maabara ya bayolojia. Ndani yake mlikuwa na kambare sita wadogo, kila mmoja urefu wa kidole, na kazi yao kutwa ni kufukuafukua mchanga kwa sharubu. Muhula wa pili wawili wakafa. Lawama zote zikamwangukia kijana mmoja wa kidato cha kwanza ambaye alionekana akiwatupia makombo ya mandazi. Wengine walimwita "muuaji" hata kwenye foleni ya chai. Mwalimu wetu wa bayolojia alinipa daftari akaniambia, "Chunguza kwanza, kesi itakuja baadaye."

Tuanze na samaki mwenyewe. Huyu si kambare mumi wa Ziwa Viktoria ambaye tunamla na ugali. Huyu ni koridorasi, na kwao ni Amerika ya Kusini. Aina yetu ina mabaka meusi, na hupatikana Ajentina, Urugwai na kusini mwa Brazili. Charles Darwin, yule yule wa somo la mageuko, aliikusanya katika safari ya meli ya Beagle (1831–1836), naye Leonard Jenyns akaieleza kitabuni mwaka 1842. Nilikuwa nimeshuku baridi ya asubuhi ndiyo inayowaua, kumbe wapi! Aina hii hupenda maji ya nyuzi 18 hadi 23 hivi, na kipimajoto chetu hakikushuka chini ya hapo.

Sasa, utajuaje kambare anaumwa na hawezi kusema? Mtazame anavyopumua. Koridorasi ana ujanja wake: mara moja moja hupanda juu kama mshale, akameza hewa, akarudi chini. Hewa hiyo huipitisha utumboni, na utumbo wenyewe ndio unaofyonza oksijeni. Mumi pia humeza hewa, lakini yeye ana kiungo kama kijiti chenye matawi juu ya matamvua yake. Kwa hivyo kupanda juu si ugonjwa. Ugonjwa ni akipanda kila wakati, au akitulia chini huku matamvua yakienda mbio kama mtu aliyetoka mbio za nyika. Hesabu pumzi zake kwa dakika moja siku akiwa mzima, uandike. Usipoijua hesabu ya siku nzuri, ya siku mbaya utaijuaje?

Halafu tazama sharubu. Za mzima ni ndefu na nyembamba. Zikiwa fupi, nyekundu au zimelika, basi sakafu ya tangi ni chafu au kokoto zina makali. Tazama pia tumbo kama lina wekundu, na mapezi kama yamefungwa mwilini badala ya kukunjuka. Kambare wetu walikuwa na yote hayo: wekundu, mapezi kufungwa, pumzi za haraka. Lakini si kila siku, na hapo ndipo nilianza kushangaa. Niliandika wiki tatu mfululizo. Jumatatu, hali mbaya. Jumanne, vivyo hivyo. Alhamisi wanacheza kama kawaida. Jumatatu tena, taabani.

Ugonjwa gani huo unaojua kalenda?

Mwalimu alinieleza jambo ambalo naona kila mfugaji wa samaki angelijua kabla ya kununua samaki hata mmoja. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kwenye uchafu wake, na chakula kinachooza hutoa amonia pia. Amonia huchoma matamvua na ngozi. Ndani ya chujio huishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo haina ukali huo. Bakteria hawa wanahitaji maji yanayopita na oksijeni. Chujio likisimama kwa muda mrefu, wanaanza kufa. Naye samaki wa sakafuni ndiye analala juu ya uchafu wenyewe.

Tulipima maji kwa matone ya kupimia amonia. Ijumaa mchana yalibaki manjano, yaani hakuna. Jumatatu asubuhi yakawa kijani.

Nilimwendea mzee anayefunga madarasa. "Shikamoo mzee. Ijumaa jioni huwa unazima nini kule maabara?"

"Marahaba kijana wangu. Nazima swichi kubwa, kama nilivyoagizwa. Stima ni pesa."

Basi! Shule yetu ni ya kutwa. Ijumaa jioni sote tunaenda nyumbani, na chujio linalala hadi Jumatatu. Mzee hana kosa, alifanya kazi yake. Mandazi nayo siyasafishi kabisa, kwa sababu makombo yaliyooza yaliongeza amonia, lakini mtoto yule hakuua mtu.

Kabla sijajua haya, nusura niwamalize mwenyewe. Nilikuwa nimechangisha pesa za dawa dukani, na chupa niliyoiona ilikuwa na shaba. Dawa za shaba huwadhuru kambare upesi kuliko samaki wengi. Ningeongeza sumu juu ya sumu. Tulichofanya ni kubadilisha robo ya maji siku hiyo na robo nyingine kesho yake, kwa maji ya mfereji yaliyokaa ndooni wazi siku nzima ili klorini ipungue. Chujio tulilisuuza kwa maji ya tangi lenyewe, si ya mfereji, maana klorini huua wale bakteria tunaowataka.

Kuna ugonjwa mmoja ambao kubadilisha maji peke yake hakuuponyi, nao ni wa vidoa vyeupe kama punje za chumvi. Huo huletwa na kidudu kinachojificha chini ya ngozi, ambako dawa haikifikii. Kikikomaa huanguka sakafuni, kinajigawa kuwa mamia, na hao wachanga ndio dawa huwaua. Ndiyo sababu tiba haiishi kwa siku moja hata vidoa vikitoweka. Mara nyingi huingia na samaki mgeni, kwa hivyo mgeni akae kwenye chombo chake wiki tatu au nne. Na ukimhamisha kambare tumia kikombe, usitumie wavu. Ana miiba kwenye mapezi, itanasa. Mimi ilinichukua robo saa kumnasua mmoja!

Mwalimu alizungumza na ofisi, na tangi likahamishiwa stoo iliyo karibu na lango, ambako stima haizimwi kwa sababu ya taa za mlinzi. Wale wanne waliobaki bado wapo. Daftari nimemkabidhi yule kijana wa kidato cha kwanza, na humpa mlinzi zamu ya kutazama Jumamosi na Jumapili. Jumatatu iliyopita aliandika: "Matone manjano. Wote wanafukua. Mmoja sharubu zimeanza kuota tena."