Viumbe Wanaotegemeana (5): Mlembe na Ujira Wake

Siku ya Nyuki Duniani, Mei 20, imepita tena kwa hotuba ndefu za mizinga ya kisasa, na sikusikia hata mmoja akimtaja mlembe. Ndege huyu nampenda tangu ujana.

Kufaidiana ni kila upande kunufaika, kunyonyana ni mmoja kunufaika kwa hasara ya mwenzake; mlembe na mrina asali hufaidiana. Mlembe anajua nyuki walipo, ila hana shoka wala moshi. Mrina asali anavyo, ila mti haujui. Basi ndege humjia akipiga kelele, huruka mti hadi mti na kumngoja. Asali humwachia mtu. Yeye hutaka nta, ambayo wanyama wachache sana huweza kuimeng'enya.

Padri Mreno João dos Santos, akiwa Sofala miaka ya 1580, aliwaona ndege wadogo wakiingia kanisani kudonoa mishumaa ya nta. Mwingine angewafukuza tu. Yeye aliandika habari zao, na jinsi wanavyowaongoza watu kwenye asali, katika kitabu chake Ethiopia Oriental kilichotoka 1609. Hata hivyo wapo walioona ni ngano, mpaka 1989, watafiti Hussein Isack wa Kenya na Heinz-Ulrich Reyer walipochapisha utafiti wao kuhusu warina asali wa Kiborana: bila ndege, karibu saa 9 za kutafuta nyuki, wakiwa naye, 3 na kidogo.

Wayao wa Niassa, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, humwita kwa mlio wa “brrr-hm”. Mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walionyesha 2016 kwamba mlio huo huongeza uwezekano wa kuongozwa kutoka theluthi moja hadi mbili. Masega yakishatolewa, Wayao hutandika majani mabichi wakamwekea nta juu yake. Wahadza wa Ziwa Eyasi, Tanzania, humwita kwa mluzi, lakini nta mara nyingi huichoma au huifukia, ili ndege abaki na njaa aendelee kuongoza. Hiyo ni akili ya mwajiri bahili, na mimi niko upande wa Wayao. (Mlembe naye si malaika: hutaga viotani mwa ndege wengine, na kinda lake huwaua makinda wenyeji kwa ncha kali za mdomo.)

Nafasi inakwisha. Sukari ya dukani na mizinga imewapunguza warina asali, na ndege asiye na wa kumfuata huacha kuongoza. Utafiti wa 2023 ulionyesha kwamba mlembe wa kila eneo huitikia zaidi wito wa wenyeji wake, kwa hiyo wito wa Niassa hautatufaa Eyasi. Maofisa nyuki wanaogawa mizinga vijijini waulize kwanza ni nani bado anajua kumwita, wamrekodi.